Maji ya kisima: ni magumu, au ni ya chumvi?

Swali: Tunaishi Mtwapa, maji ni ya kisima chetu. Sabuni haitoi povu, birika lina ukoko mweupe, na koili ya hita imeungua mara mbili. Fundi anasema ninunue mashine ya kulainisha maji ili iondoe chumvi. Ninunue?

Jibu: Usinunue bado, kwani fundi wako amechanganya mambo mawili. Ukoko na sabuni kukataa povu ni kazi ya kalisiamu na magnesiamu, madini ambayo maji huyayeyusha yakipita kwenye mawe ya matumbawe. Ladha ya chumvi ni jambo jingine: hapo maji ya bahari yameingia kisimani, mara nyingi kwa sababu pampu inavuta kupita kiasi, hasa kiangazi. Mashine ya kulainisha huondoa ugumu tu, tena kwa kuubadilisha na sodiamu, kwa hiyo maji ya chumvi yatatoka na chumvi ileile. Hayo yanahitaji mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, ambayo ni ghali na humwaga sehemu kubwa ya maji.

Peleka maji maabara yapimwe ugumu, kloridi, chuma na pH. Yachote kwenye bomba la pampu, si kwenye tangi, pampu ikiwa imefanya kazi angalau dakika 10. Kile kipimo kidogo cha mkononi cha TDS hakitakusaidia hapa. Kinajumlisha kila kilichoyeyuka bila kusema ni nini.

Ugumu ukizidi miligramu 180 kwa lita, maji ni magumu sana na mashine ina maana. Chukua mfano wa ugumu wa 400. Lita 25 za rezini, yaani zile chembe ndani ya mashine zinazonasa ugumu, hubeba takriban gramu 1,250 za ugumu, yaani zitalainisha kama lita 3,100. Familia inayotumia lita 600 kwa siku itaisafisha mashine kwa maji ya chumvi kila siku ya tano ili rezini ifanye kazi tena, na kila mara itakula kilo 3 hadi 4 za chumvi ya mawe. Piga hesabu hiyo kabla ya kulipa. Bomba moja la jikoni liache lipate maji yasiyolainishwa: kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha takriban 46 za sodiamu, na mwenye shinikizo la damu haihitaji.

Hita nayo ishushe hadi nyuzi 55 au 60. Maji yakipashwa moto sana huacha ukoko kwa kasi, joto hukosa njia ya kutoka, koili inaungua. Birika lichemshie siki na maji nusu kwa nusu, uache saa moja, kisha suuza.

Swali: Mashine yetu ina mwaka mmoja. Chumvi imejaa, lakini maji yamerudi kuwa magumu.

Jibu: Anza na valvu ya kupitisha maji pembeni, mara nyingi mtu ameifungua na kuisahau. Kisha sukuma chumvi kwa mpini wa ufagio. Ikiwa imegandamana juu na chini pako wazi, maji hayaigusi, ivunje. Mashine inapojisafisha, angalia kama maji ya chumvi kwenye pipa yanapungua. Yasipopungua, kijitundu cha kuyavutia kimezibwa na mchanga: kifungue, kioshe, na uweke chujio la mikroni 5 kabla ya mashine. Rezini ikiwa ya kahawia, tatizo ni chuma. Kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, kitolewe kwanza kwa kuyapuliza maji hewa na kuyachuja, la sivyo rezini mpya nayo itakufa.

Swali: Maharage yetu hayaivi hata kwa saa tatu. Ni maji?

Jibu: Kama maharage si ya zamani, ndiyo. Kalisiamu hukaza kuta za punje. Loweka na upike kwa maji ya mvua. Magadi hulainisha kweli, ila ya ziwani huweza kuwa na floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Robo kijiko cha chai cha baking soda kwa nusu kilo kinatosha.