Mwanangu, kabla hujahama kanisa

Mwanangu, marahaba. Meseji yako niliisoma usiku, leo nilivyotoka misa nikaisoma tena, nikaona hii sio ya kujibu kwa voisi, wacha nikae hapa barazani Mbweni niandike. Unasema huko Uingereza kila Jumapili benchi ulokaa wewe ndo linajaa mwisho, na juzi wakati wa chai mama mmoja akakupa vikombe vichafu akijua wewe ndo wa kusafisha, na wewe umevaa gauni lako zuri umetoka kupokea komunyo naye altare moja. Af ukaniuliza: "Baba, kama sote ni mmoja katika Kristo, niendelee kusali na hawa watu au niende zangu ibada ya Waafrika wenzetu mchana nipumzike roho?"

Kwanza pole mama. Imeniuma sana, na mtu asikwambie eti unakuza mambo, ulichokiona umekiona.

Sasa nsikilize. Wewe umebatizwa Mkunazini, kanisa letu kuu la Anglikana hapa Unguja, na unajua pale ni wapi. Mbele ya altare kuna lile duara la marumaru chini, tunasimuliwa hapo ndo palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa, soko likafungwa 1873 zama za Sultan Barghash na mwaka ule ule Steere, ambaye baadae akawa askofu, na wenzake wakaanza kujenga kanisa. Wageni wakija wanapiga picha wanasema ubaya umeshindwa, na kweli, mie nikipiga magoti pale namshukuru Mungu kila mara. Lakini soko kufungwa sio utumwa kwisha, mpaka 1897 ndo sheria ikauondoa hapa Unguja. Na ndani ya kanisa lenyewe pia, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa akakombolewa akalelewa na misheni hapa hapa, alipewa upadri 1890, lakini kiti cha askofu wa Zanzibar kikaendelea kukaliwa na Waingereza miaka na miaka baada ya hapo. Walihubiri umoja na waliuamini, ila meza ya kuamulia mambo ilibaki ya rangi moja. Na mie sitaki uwadharau, maana Weston, askofu Mwingereza wa hapa Zanzibar, alisimama 1920 akaisema serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kazi, hakunyamaza kwa kuwa wakosaji ni ndugu zake. Huyo ndo mfano wangu siku zote.

Na usidhani ni Wazungu tu. Hapa kwetu wakati wa vita vya pili vya dunia mchele uligaiwa kwa kufuata kabila la mtu, ukiandikwa Mwarabu au Mhindi una fungu lako, ukiandikwa Mwafrika unaambulia kingine, watu wakawa wanapimana asili zao kwa ajili ya chakula, na chuki ile ikalelewa mpaka tukafika mapinduzi ya 1964, na yalomwagika mwaka ule wazee wengine mpaka leo hawayataji. Hata leo kanisani kwetu kuna vijana babu zao walizikwa hapa hapa Unguja na bado wanaulizwa kwao bara wapi, na kuna familia zinasali pamoja vizuri tu mpaka ifike habari ya posa, hapo ndo utasikia "ah, wale asili yao sio." Wasome Hesabu 12, Miriamu na Haruni walimsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, na Mungu hakulichukulia dogo hata kidogo.

Ndo maana mie kila mtu akinambia umoja nampeleka Matendo 6. Yerusalemu, kanisa bado bichi kabisa, mitume wapo hai, na wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Chakula tena! Mitume hawakusema "msilalamike, sote ni wa Bwana." Walisikiliza, wakaita mkutano, watu wakachagua saba, na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ya Kiyunani. Yaani kazi ya kugawa ikaenda kwa upande ule ule uliodhulumiwa. Hilo mama linanigusa kuliko mahubiri yote ya upendo nliyowahi kusikia, kwa sababu upendo pale ulipewa funguo za ghala.

Na Petro je, kule Antiokia? Alikuwa anakula na watu wa mataifa, walipokuja watu kutoka kwa Yakobo akajitenga, na Paulo akamsema mbele za watu wote. Umeona, jambo lenyewe lilikuwa mezani, nani anakaa na nani. Kwa hiyo chai yenu ile ya baada ya ibada sio jambo dogo, ni injili hiyo hiyo.

Jibu langu basi. Ibada ya mchana nenda, kaimbe kwa lugha yako ulie ukitaka, sio dhambi na hakuna mtu ana haki ya kukunyima pumziko. Ila ile ya asubuhi usiiache kimya kimya, maana ukiondoka bila kusema wao watabaki wanajiona wako salama, na dada mwingine atakuja apewe vikombe hivo hivo. Mwone padri, mwambie kama ulivonambia mie, siku gani, nani, maneno gani, usipunguze. Mwombe na kazi ya kweli, kusoma somo au kuingia kwenye halmashauri ya kanisa, usikubali ya jikoni peke yake. Yule mama naye ongea naye mwenyewe, kwa upole lakini macho kwa macho, huenda hajui na huenda anajua, yote mawili anahitaji kuambiwa.

Wakikataa kusikia kabisa, hapo utakuwa umetimiza wako, kasali kwingine na mie nitakuwa upande wako.

Mama yako anasema ule vizuri. Ukishaongea na padri nipigie, hata kama kwetu ni usiku mkubwa.

Baba yako