Kabla hujalipa kodi ya nyumba ya mwaka, panda kwanza gari saa kumi na nusu alfajiri

Mie nimefanya kazi risepsheni hoteli moja ya Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya Unguja, miaka sita na muda wote huo sijawahi kulala Nungwi zaidi ya siku mbili mfululizo, kwa hiyo kwenye suala la kukaa mbali na kazi nina haki ya kusema kidogo. Watu wananiuliza sana, hasa wanaopata kazi hoteli kwa mara ya kwanza, dada nihamie wapi? Na mie huwa nawauliza kwanza, shifti yako inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, maana kutoka mjini mpaka Nungwi ni karibu kilomita 60, kilomita hizo hazibadiliki, kinachobadilika ni gari.

Tulianzia Fuoni. Nyumba nzuri, majirani watu wa heshima, chuo cha Qurani cha watoto mlango wa pili, skuli wanakwenda kwa miguu. Mume wangu kazi yake bandarini Malindi, hapahapa mjini, ana Vespa yake, yeye hana shida. Shida ilikuwa kwangu, maana Fuoni iko upande wa kusini mashariki ya mji na mie naelekea kaskazini. Gari ya staff inaondoka mtaa wa Amani, mjini, saa kumi na moja na robo, ina maana saa kumi na nusu nishavaa niko mlangoni, adhana ya alfajiri inanikuta njiani nyuma ya Vespa nimemshikilia mume wangu huku nasinzia. Kipindi cha masika ndo usiseme, yale maji yaliyokuwa yakijaa barabarani Mwanakwerekwe anayajua aliyepita na Vespa. Siku moja nilifika kazini sketi imelowa mpaka magotini nikapokea wageni nimesimama nyuma ya kaunta tu, sikutoka pale mpaka saa nne.

Bas tukakaa tukapiga hesabu. Yeye anakwenda Malindi, mie nakwenda Nungwi, tutafute katikati. Katikati ikatoka Mahonda. Mama mkwe alivosikia akasema ati mnawapeleka wajukuu zangu shamba! Lakini tulipokwenda kuitazama ile nyumba, wallahi roho ilituridhia, vyumba vitatu, ua mkubwa, mwembe, kisima, na kodi ilikuwa chini kuliko Fuoni. Mwenye nyumba akataka kodi ya mwaka mzima, tukatoa. Tulikwenda Jumapili saa nne asubuhi na dalali, jua zuri, barabara tupu. Hapo ndo nilipokosea, na nakwambia ili wewe usikosee. Jumapili saa nne kila mtaa wa Unguja hii ni mzuri.

Miezi mitano ya kwanza tuliishi kama wafalme. Gari ya staff inapita Mahonda, nalala mpaka saa kumi na moja, nafika kazini nimekunywa chai. Ikaja low sizoni. Wageni wakapungua, hoteli ikapunguza watu, na gari ya staff ikakatwa, kila mtu ajitegemee. Sikulijua hilo wakati nalipa kodi kwa sababu sikuuliza, nilidhani gari ya staff ni kama mshahara kumbe ni kama bonasi. Muulize mtu aliyekaa hoteli hiyo zaidi ya mwaka mmoja, mwezi wa nne na wa tano mnafikaje kazini? Usimuulize meneja, muulize mtu wa loundri.

Sasa nikawa mtu wa daladala, na hapa ndo nilipojua ubaya wa kukaa katikati. Gari za Nungwi, za Kiwengwa, za Matemwe zote zinakuja Mahonda, ukisikia hivo unaona umekaa pahala pazuri sana, si ndio? Zinakuja lakini zinakuja zimejaa. Zimejaza mjini, konda hata hasimamishi, anakupungia mkono tu na magunia yake juu ya paa. Nilikuwa nasimama barabarani dakika arubaini naziona 116, daladala za Nungwi, zinapita. Na usiku ukitoka shifti ya jioni saa tano, daladala za kurudi hakuna, ni kuomba lifti kwa gari za watalii zinazorudi mjini au kumpigia kijana wa boda, na njia ile usiku giza. Mume wangu nae akawa anachapwa na mvua kilomita ishirini na kitu kwenda na nyingine hivohivo kurudi, mpaka akaumwa kifua. Katikati yetu ikawa mbali kwa wote wawili.

Kuna wenzangu walisema si uhamie Nungwi tu. Nilitazama. Ukiwa kijana peke yako sawa, mnapanga chumba watu watatu mnagawana, maisha yanakwenda. Lakini vyumba vya karibu na pwani bei zishapanda kwa ajili ya wageni, na mie nina watoto wawili na mume wa bandarini, ningemhamishia yeye tatizo langu tu.

Tukahamia Bububu, njia hiyohiyo ya kaskazini lakini karibu na mji kuliko Mahonda, na tulilipa miezi sita tu, tushashika adabu. Safari hii nilikwenda kuitazama nyumba Jumatatu, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, peke yangu, bila dalali. Nilihesabu dakika kutoka mlangoni mpaka barabara kuu, zilikuwa saba, na nikatazama kama kuna taa na kama kuna watu njiani. Nikarudi tena usiku saa sita nikateremka palepale. Gari ya staff haiingii mitaani, inakuacha barabarani, kwa hiyo mwanamke anayetoka kazini usiku zile dakika saba ndo nyumba yenyewe, kuliko hata vyumba. Maji niliuliza jirani nikiwa na ndoo mkononi, yanatoka siku ngapi kwa wiki, akacheka akanijibu kweli. Umeme ni Tukuza, ule wa kulipia kabla, kila nyumba na mita yake, hilo nalo uliza, maana mita ya kushea na mwenye nyumba ni ugomvi wa kila wiki.

Na low sizoni je? Hapo watu wananicheka. Nachukua 502, daladala ya Bububu, narudi mjini mpaka stendi, dakika ishirini na tano hivi, napanda 116 inapoanzia, nakaa siti ya dirishani nalala mpaka Mkwajuni. Gari inapita tena Bububu karibu na nyumba yangu na mie nishakaa, nawaona wenzangu wamesimama kituoni wanapungiwa mkono.

Kama kazi yako ni Paje, Jambiani au Makunduchi usinifuate huku, rudi Fuoni, au Jumbi, au Tunguu, ule upande ndo wako. Mie Fuoni naipenda mpaka leo, ilikuwa upande usio wangu tu.

Tulipokwenda kwa sheha wa Bububu, yaani kiongozi wa mtaa, kujiandikisha, akafungua daftari lake, akauliza mnatoka wapi. Mume wangu akasema Mahonda. Na kazi wapi? Nikamwambia Nungwi. Sheha akavua miwani akanitazama. "Mwanangu, mbona mnarudi nyuma?"