Pima uwazi wa msitu kabla ya kuchimba shimo

Mti mkubwa ukishaanguka, wengi hukimbilia kuchimba mashimo ya kupandia miche katikati ya uwazi ulioachwa. Subiri. Chini ya msitu uliofunga, mche hupata asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wa jua, na uwazi nao haufanani na mwingine.

Pima upana wa uwazi na urefu wa miti inayouzunguka. Uwazi wa mita 8 kati ya miti ya mita 20 ni kivuli tu: hata katikati ya Machi, jua linapopita utosini hapa Mwanza, pale katikati hupigwa na jua kama saa moja na nusu. Juni halifiki chini kabisa. Mvule ukipandwa hapo hurefuka kama uzi, shina jembamba, kisha hulala. Uwazi ukiwa na mita 20, jua hukaa saa tatu na nusu hivi. Hapo mvule una matumaini.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni upande. Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo nusu ya kusini ya uwazi ndiyo inayochomwa, tena kiangazi, udongo ukiwa umekauka. Nusu ya kaskazini hupata jua lake Desemba, mvua zikinyesha. Miche michanga ipande huko, ikisogea kidogo magharibi ili ipate jua la asubuhi badala ya lile kali la alasiri.

Mche uliolelewa kitalu chenye kivuli kizito una majani yasiyo manene. Ukiutoa ghafla juani, majani hugeuka meupe, kisha hudhurungi, katikati ya jani palipotazama jua. Ukiona kingo zinajikunja na jani zima linalegea, hiyo ni kiu. Weupe ule maji hayautibu. Punguza nyasi zilizoezekwa juu ya kitalu kidogo kidogo kwa wiki 3 hadi 4 kabla ya kupanda, na panda mvua zikishakolea.

Uwazi mpana una adui mwingine: lantana (kichaka vamizi) na nyasi, ambazo hupenda mwanga kuliko mche wako. Palilia duara la mita 1 kuzunguka kila mche na uache mengine; vichaka vya jirani huupa mvule kivuli cha ubavuni na kuusukuma ukue kwenda juu. Vikianza kuufunika kileleni, vikate.