"Quoth" si kosa la uchapaji

Mkuu, umeuliza kama "quoth he" uliyoikuta kwenye shairi la Kiingereza ni "quote" (kunukuu) iliyokosewa herufi. Hapana. Ni kitenzi kingine kabisa, maana yake "alisema", basi.

"Quote" imetoka Kilatini, na mwanzoni ilihusu kuweka namba za sura kwenye maandishi. "Quoth" ni Kiingereza cha asili, kutoka "cwethan", yaani kusema. Ndugu yake aliyebaki hai ni "bequeath", kuachia mtu mali kwa wosia, maana anayeusia anatamka nani apate nini.

Sarufi yake ndiyo kituko. Kimebaki na wakati uliopita tu, tena kwa kawaida hutangulia msemaji: "quoth I", "quoth she". Ukiandika "he will quoth" umeharibu. Na lazima kiambatane na maneno yenyewe yaliyosemwa, siyo muhtasari wake.

Mshairi wa Marekani Edgar Allan Poe alipokitumia kwenye shairi lake la kunguru mwaka 1845, tayari kilinukia ukale, na nadhani ndicho alichokitaka. Leo Waingereza wakikitumia mara nyingi ni utani. Kwenye insha ya mtihani achana nacho, andika "said".