Jibu: Sehemu ya nne ya "Bustani ya Micheri" inazorota

Salamu ndugu. Umesema sehemu ya nne ya tamthilia hii ya Mrusi Anton Chekhov inafika dakika 35 na watazamaji wanaanza kushika simu, nawe unawaza kukata mazungumzo. Usikate kwanza. Shika saa upime ukimya kati ya sentensi na sentensi. Mara nyingi dakika zimepotelea hapo. Chekhov mwenyewe, baada ya onyesho la kwanza Moscow mwaka 1904, alilalamika kwamba sehemu hiyo ilipaswa kuchukua dakika 12 tu, waigizaji wakaivuta hadi 40.

Kinachoivuta ni machozi. Waigizaji wanajua shamba limeshauzwa, basi wanaomboleza. Lakini Lopakhin, mfanyabiashara aliyelinunua shamba, anatangaza kwamba baada ya dakika 20 lazima waondoke kwenda stesheni! Wape kazi za mikono: kufunga kamba, kuhesabu mizigo, kutafuta viatu vya mvua. Waseme huku wakifanya.

Palipo na utajiri ni pale Varya, binti wa kulea wa mwenye shamba, na Lopakhin, anayetarajiwa kumposa, wanapoachwa peke yao. Mpe Varya sanduku lenye vitu kweli, avipekue bila kumtazama. Lopakhin azungumzie baridi, Varya ajibu kwamba kipimajoto kimevunjika, wote kwa sauti ya kawaida kabisa. Lopakhin asipoposa, ukumbi mzima utaumia bila mtu kulia jukwaani.

Ukimya mrefu uwekee Firs tu, yule mtumishi mzee anayesahauliwa nyumbani. Milango ifungwe kwa ufunguo, magari ya farasi yaondoke, ndipo aingie. Sauti ya uzi kukatika itangulie, kimya, kisha shoka likikata micheri. Zisipandane.

Majina ya Kirusi je, mmeyapunguza? Mtu mmoja, jina moja.