Kabla ya kupandisha hukumu mtandaoni: kwa makarani wapya wa masjala

Hukumu ikishasomwa ni ya umma, kwa hiyo usiifiche. Unachotoa ni kile tu kinachomtambulisha mwathirika. Nambari ya kesi, kifungu, jina la hakimu, mawakili, sababu za uamuzi na adhabu hubaki.

Kwenye kesi za udhalilishaji wa kijinsia, kosa kubwa ni kufuta jina la kwanza ukaridhika. Majina yetu ni la mtu, la baba na la babu. Ukiandika "X Juma Haji", shehia nzima imeshajua ni mtoto wa nani. Herufi za mwanzo za majina, kama F.J.H., nazo ni yale yale. Andika "Mtoto A", herufi isiyotokana na jina lake, na uishike hiyo hiyo tangu ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho. Orodha ya nani ni nani ikae kwenye jalada la asili, ambalo haliguswi. Wewe unafanyia kazi nakala.

Mshtakiwa akiwa baba au ami, jina lake ndilo linalomtaja mtoto. Uhusiano huwezi kuufuta, mara nyingi kosa lenyewe limesimama juu yake. Kinachofichwa hapo ni jina la mshtakiwa, na uamuzi huo si wako: mpelekee hakimu au mrajis. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, lakini mtu mzima aliyedhalilishwa naye usimuache na jina lake.

Kisha soma ushahidi mstari kwa mstari, maana humo ndimo mna mitego: skuli na darasa, madrasa, jina la sheha aliyepelekewa taarifa, nambari ya PF3 (fomu ya polisi ya kwenda hospitali), tarehe ya kuzaliwa, "nyumba iliyo nyuma ya msikiti". Shahidi namba 2 mara nyingi huwa mama yake, naye mfiche. Badala ya kijiji weka wilaya, badala ya tarehe ya kuzaliwa weka umri. Wilaya ya Micheweni inatosha, kitongoji hakina kazi.

Usitegemee kutafuta na kubadilisha kwa kompyuta. Mohamed huandikwa Mohammed, Muhammad na Moh'd ndani ya hukumu moja, na karatasi iliyoskaniwa hugeuza herufi. Kompyuta itafute kwanza, kisha macho yapite.

Boksi jeusi juu ya maandishi ya PDF halifuti kitu. Chagua ukurasa mzima, nakili, ubandike kwenye faili tupu: jina litatokea hapo likiwa zima. Futa maneno kwenye faili la Word lenyewe, kubali mabadiliko yote yaliyorekodiwa, ondoa maoni ya pembeni, ndipo utoe PDF mpya. Rudia jaribio la kunakili. Angalia na jina la faili pia. Watu husafisha kurasa ishirini kisha faili likaitwa kwa jina la mtoto.

Mwisho mpe asome mwenzako wa masjala anayetoka upande ule ule, asiyeijua kesi. Akiweza kukisia ni nani, nakala haijawa tayari.

Jina likivuja, ondoa faili mara moja, weka lililosafishwa, na uombe mitandao ya kutafutia iondoe nakala ya zamani. Kwenye tangazo la marekebisho andika "nakala imerekebishwa" tu. Usieleze kilichorekebishwa.