Kitambaa cha sandukuni, gauni la enzi za mama: maswali yenu

Maswali yaliyofika safari hii karibu yote yana sanduku ndani yake: doti ya marehemu mama, kitenge cha harusi ambacho hakikushonwa, mabaki ya jora. Na wengi mnataka mshono wa zamani, kiuno cha kubana na sketi iliyomwagika. Nitayajibu moja moja, ila jambo moja mtaliona likijirudia kwa sababu naliamini sana: usianze na picha, anza na futi. Tandaza kitambaa chako, pima urefu na upana, ndipo uchague mshono ambao kitambaa hicho kinaumudu.

Shikamoo mama fundi. Marehemu mama ameniachia doti ya khanga ambayo hakuwahi kuivaa, vipande bado havijatenganishwa. Ninayo picha yake ya studio, miaka ya sitini, amevaa gauni la kiuno chembamba na sketi ya marinda iliyopita magoti kidogo. Doti moja itatosha? Na jina la khanga nilifanyeje? (Binti yake, Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mama. Doti itatosha, tena mshono huo unaifaa khanga kuliko mingi ninayoiona sasa.

Ifue kwanza, maana khanga ambayo haijaguswa maji ina ugumu wa dukani na hupungua kidogo. Ikishakauka ipige pasi ndipo utenganishe vipande. Kimoja huwa na inchi 60 kwa 43 hivi, lakini pima cha kwako, kwa sababu khanga hazilingani.

Kipande cha kwanza ndicho sketi. Kilaze pindo refu la chini likiwa upande wako, pima kwenda juu inchi 29, kata. Pindo hilo ndilo urembo wa chini wa gauni, kwa hiyo usilikunje kwa upana. Mkunjo mwembamba wa cherehani unatosha. Inchi 60 ukizivuta marinda ziingie kwenye kiuno cha inchi 30, unapata mara mbili ya kiuno, na hapo gauni linasimama kama la kwenye picha. Kiuno kikivuka inchi 36 marinda yatapungua. Ongeza upapi, yaani utepe wa kitambaa, kutoka kipande cha pili, au ukubali sketi iliyotulia zaidi. Nayo inapendeza.

Mapindo mafupi ya kushoto na kulia yatakutana nyuma. Yapange yalingane, zipu ipite katikati yao, na mtu atakayekutazama kwa nyuma ataona mstari uliokusudiwa.

Sasa jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Kwenye khanga liko juu kidogo ya pindo la chini, ndani ya mji (sehemu inayozungukwa na mapindo), katikati ya kushoto na kulia. Ukikata nilivyoeleza litakuja mbele, na kwa kuwa marinda yamebana juu na kufunguka chini, litasomeka. Najua mafundi wanaolikata jina au kulizamisha ndani ya mshono ili gauni lionekane "safi". Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanamke anayenunua khanga husoma jina kabla hajalipa, na mama yako aliyasoma maneno yale akayapenda. Yaache mbele.

Kipande cha pili ni cha sehemu ya juu. Ikate kwenye mji, na mikono mifupi uikate pindo likiwa ukingoni mwa mkono. Khanga ni nyepesi, hivyo tia bitana ya pamba sehemu yote ya juu, la sivyo uzito wa sketi utaanza kuuvuta mshono wa kiunoni. Kile kipapi kilichobaki juu ya sketi, chenye pindo lake, ndicho mkanda. Piga bandi kwanza, ule mshono wa muda wa mkono, vaa, kaa kwenye kiti, inua mikono. Ukiridhika ndipo upite na cherehani.

Gauni la "miaka ya sitini" hasa linaishia wapi? Dada yangu anasema juu ya magoti, mimi nasema chini. (Msomaji, Morogoro)

Wote mko sawa, inategemea ni mwanzo au mwisho wa miaka hiyo. Mwanzoni sketi pana za miaka ya hamsini bado zilivaliwa, zikifika magotini au chini yake. Mwishoni likaja gauni lililonyooka, lisilobana kiuno, na pindo likapanda. Lilipanda kiasi kwamba Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulitangaza vita dhidi ya vimini, Oparesheni Vijana, ianze Januari 1969. Kama kitambaa chenu ni kidogo, mfuateni dada: gauni la kunyooka kwa mtu wa wastani linatoka kwenye yadi mbili na nusu za kitenge.

Nina kitenge cha yadi sita tangu sendoff yangu. Nataka sketi ya duara kamili. Fundi wangu amesema hakitoshi, niongeze yadi mbili. Kweli? (Mama wawili, Dodoma)

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme kiuno chako ni inchi 30. Gawa kwa 6.28, unapata karibu inchi 4.8, huo ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi mstari wa kiuno. Ongeza urefu wa sketi inchi 27 na inchi moja ya pindo, inakuwa kama inchi 33. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo duara zima halikai kwa mkupuo, lakini nusu duara linakaa: inchi 66 kwa urefu wa kitambaa, 33 kwa upana. Nusu mbili zinachukua inchi 132. Yadi sita ni inchi 216. Umebaki na inchi 84, yaani zaidi ya yadi mbili, na sehemu ya juu yenye mikono mifupi inakula yadi moja na nusu. Kinatosha, na kando ya zile nusu duara unabaki na utepe mrefu wa inchi 12 wa kutolea mkanda na kola. Unapokata shimo la kiuno, likate dogo kidogo kuliko hesabu. Kulipanua ni rahisi, kulirudisha haiwezekani.

Ila kabla hujamrudia fundi, tazama ua la kitenge. Kama ni mduara au majani yanayoelekea kila upande, endelea. Kama ni ndege au vinara vyenye juu na chini, achana na duara, maana ukizunguka kiunoni ndege wengine watasimama, wengine watalala ubavu, wengine watapinduka. Hapo nakushauri sketi ya marinda ya kukunja: paneli mbili za upana mzima wa kitenge, inchi 90 kuzunguka, ambazo ni mara tatu ya kiuno chako. Ndege wote watasimama wima, na utatumia yadi chache kuliko duara. Angalia tu ndege wamechapwa kufuata urefu wa kitambaa. Wakiwa wamesimama kwa upana, kata kama nilivyomweleza binti wa Tanga, urefu wa kitambaa ukizunguka kiuno.

Na sketi ya duara ikishashonwa kiunoni usiikunje pindo siku hiyo hiyo. Itundike ilale usiku mzima. Zile sehemu zilizokatwa kwa mshazari hujivuta zenyewe, zingine hushuka inchi nzima. Asubuhi ivae, mtu akupimie kutoka sakafuni kwenda juu, ndipo usawazishe.

Nimerithi vitambaa vya bibi, vingine sijui ni vya nini. Kimoja kizito, hakikunjamani hata nikikifinyanga. (Mjukuu, Mombasa)

Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibanio, ziwashe juu ya sahani yenye maji. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua, huacha jivu jepesi. Hariri na sufu hunuka nywele, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hicho chako kizito nadhani ni poliesta ya miaka ya sitini au sabini, zama ambazo Crimplene, aina ya poliesta nzito, ilipendwa Uingereza na kwingineko kwa sababu haikuhitaji pasi. Kishone gauni la kunyooka, kwa pasi ya moto mdogo na kitambaa cha pamba juu yake. Sketi ya marinda usijaribu, itakuvimba kiunoni. Na usilivae mchana wa Januari Mombasa, nyuzi hizo hazinywi jasho.

Kwa vilivyobaki, soma ukingo wa kiwandani kabla hujakata. Vitenge vya Vlisco, kiwanda cha Helmond, Uholanzi, kilichoanza 1846, vina jina ukingoni. Vipo pia vya viwanda vya kwetu, kama Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Halafu geuza kitambaa: kitenge cha nta halisi kimeiva rangi pande zote mbili, kilichochapwa upande mmoja kimepauka nyuma. Kwa sketi pana inayoonyesha ndani ukitembea, tofauti hiyo utaiona.

Vitambaa vyangu vimeingia madoa ya njano kwenye mikunjo na vingine vina kutu ya sanduku la bati. Bado vinafaa? (Msomaji, Bujumbura)

Anza na nguvu, madoa baadaye. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili karibu karibu, kwenye mkunjo wenyewe, uvute. Kikilia na kuachia, mkunjo huo umekwisha. Kata pande zake na ukitumie kwa vitu vidogo. Kikistahimili, kiloweke usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu na sabuni laini, ubadilishe maji yakichafuka. Njano nyingi hutoka hapo. Kutu kwenye pamba nyeupe huondolewa kwa limau na chumvi, kitambaa kianikwe juani, kisha kisuuzwe sana. Kwenye rangi jaribu kwanza pembeni, maana limau na jua vinaweza kupausha. Dawa ya klorini usiikaribishe kwenye kutu, huzidisha doa.

Ukivirudisha sandukuni, vifue vitoke ugumu wa dukani, kwa kuwa wadudu huufuata. Vifunge kwa shuka nyeupe iliyochakaa visiguse bati wala mbao, na kila baada ya miezi kadhaa vikunje kwa mstari mpya.

Nimenunua London, duka la vitu vya mitumba, karatasi za kukatia gauni za miaka ya arobaini na hamsini. Mimi huvaa 14, lakini gauni la majaribio halikufunga. Na kwa nini zile za arobaini ni nyembamba hivyo? (Dada wa Zanzibar, Uingereza)

Namba isahau kabisa, soma inchi za kifua zilizochapwa kwenye bahasha. Namba 14 ya karatasi za zamani mara nyingi ni kifua cha inchi 32 au 34, ya leo kwa kawaida ni 36. Tena zilichorwa kwa mwili uliovaa mkaja chini ya gauni, kwa hiyo hata kifua kikikuenea, kiuno kitakubana. Chagua karatasi kwa kifua, kisha tanua kiuno kwenye mishono ya pembeni. Jaribu kwa marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, au shuka kuukuu, kitambaa chako cha thamani kikae pembeni kwanza.

Wembamba ule ulitokana na uhaba. Uingereza iligawa nguo kwa kuponi kuanzia Juni 1941 hadi 1949, na viwanda viliwekewa kiwango cha marinda, mifuko na vifungo. Christian Dior alipoonyesha sketi zake pana Paris, Februari 1947, wapo waliokasirika kwa kuona kitambaa kingi hivyo kwenye gauni moja. Kwako hii ni faida. Kipande chako kikiwa cha yadi tatu tu, chukua karatasi ya 1943, imechorwa kwa mtu mwenye kitambaa kidogo kama wewe.

Nina vipande vidogo vidogo, hakuna hata kimoja cha kutoa blauzi. (Fundi mwanafunzi, Mwanza)

Tengeneza vya nyumbani. Takia la inchi 18: mbele kata 19 kwa 19, nyuma vipande viwili vya 19 kwa 13. Kila cha nyuma kunja pindo la inchi moja kwenye upande mmoja mrefu, vipandanishe katikati, ushone kuzunguka. Huhitaji zipu, foronya inavuliwa na kufuliwa. Jaza sufi, ile pamba ya mti wa msufi, ukiipata, maana takia la sufi ni jepesi na linapoa, ila weka mfuko wa ndani wa pamba iliyofumwa kwa kubana ili sufi isichungulie. Vipande vya khanga vyenye jina ni vizuri mno kwa kazi hii. Jina likae katikati ya takia.

Vyembamba viunganishe viwe pindo la kitambaa cha meza cheupe. Visivyozidi kiganja, tengeneza vishikio vya sufuria, katikati ukiweka tabaka mbili za taulo kuukuu. Poliesta usitie humo, itayeyukia jikoni.

Zipu iwekwe wapi ili gauni lionekane la zamani kweli? (Msomaji, Kisumu)

Ubavu wa kushoto, kuanzia inchi chache chini ya kwapa hadi inchi saba hivi chini ya kiuno, kama magauni mengi ya miaka ya arobaini na hamsini. Kwa gauni la khanga lenye mapindo yanayokutana nyuma, iache nyuma. Kwa kitenge cha kawaida tumia sindano namba 14, kwa khanga 11, na juu ya zipu malizia kwa kibanio kidogo cha kushona kwa mkono, kwa kuwa hapo ndipo gauni huanza kuachia.